Naomba ushauri: kuchangisha fedha za kikundi cha ngoma, Ujiji

Habari za leo ndugu zangu. Shikamooni wakubwa.

Mimi ni katibu wa kikundi cha ngoma za asili hapa Ujiji, Kigoma. Tupo 14, wengi watu wazima, na cheti cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) tunacho. Ngoma zetu tatu zimepasuka ngozi; ile kubwa tumeishona kwa uzi wa nyavu lakini sauti yake imekufa kabisa, inaniuma kila ninapoisikia.

Tulichapisha kadi za mchango kama za harusi, 60. Zilizorudi na hela ni 9. Wengi wanasema kadi zimewachosha, na kwamba pale makumbusho ya Livingstone wanakuja wageni, hao ndio watuchangie. Lakini wageni huja kwa msimu, tena ngoma hizi ni za watoto wetu kabla ya kuwa za wageni. Mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, tuliuzungumza, tukaogopa: tutarejesha na nini?

Jumamosi moja tulipiga bure karibu na soko. Watu walijaa, akina mama wakaingia kucheza, mzee mmoja akatuletea kuni za kukaushia ngozi. Hela hatukuomba, tuliona aibu.

Naomba kuuliza: kwenye onyesho la bure, mchango unaombwa wakati gani bila kuwafukuza watu? Na michango ya vitu, kama ngozi au kuni, mnaiandika vipi kwenye daftari ili wanachama wasitiliane shaka?

Asanteni sana.