Matetea wanalala ndani ya viota na mayai yanachafuka: nimekosea wapi?

Mama wa Fuoni

Assalaamu alaykum ndugu zangu wafugaji. Ninaishi Fuoni, Unguja, na nyuma ya nyumba nina banda dogo lenye matetea 11, kuku koo mmoja na jimbi mmoja. Matetea wameanza kutaga kiasi cha wiki tano zilizopita, na tangu hapo nina tatizo ambalo halinipi raha. Kila inapokaribia magharibi, badala ya kupanda miti ya kulalia niliyowawekea, huingia viotani wawili au watatu kwa pamoja na kulala humo hadi alfajiri. Asubuhi ninakuta viota vimejaa kinyesi kibichi, na mayai yanayotagwa humo hutoka yamepakwa uchafu. Mwenye duka ninayempelekea amekwisha kunirudishia mara mbili. Matetea wawili wameona heri kutaga nje, chini ya migomba, na huko kunguru huwahi kabla yangu.

Viota ni vinne, na fundi alivijenga usawa wa kifua changu kwa sababu nilimwambia kwamba ninaogopa ngawa. Miti ya kulalia ni miwili ya mvinje, imewekwa usawa wa goti, karibu na mlango. Jioni nimejaribu kuwafukuza kwa fimbo, lakini nikiwapa kisogo tu wanarudi. Yule koo naye hatoki kiotani hata mchana, na nikimgusa hunidonoa. Naomba mnieleze kosa liko wapi, kwa sababu kuku hawa ndio wanaonisaidia kulipia masomo ya watoto.

Mfugaji wa Mwera

Waalaykumu salaam dada yetu. Jibu limo katika maelezo yako mwenyewe: viota viko juu na miti ya kulalia iko chini. Kuku hutafuta mahali pa juu kabisa pa kulala, na hapo kwako mahali pa juu ni kiotani. Mwite fundi avishushe viota na kuipandisha miti.

Mzee wa Wete

Ndugu wa Mwera amesema kweli, nami ninaongeza maelezo kwa sababu nililipata tatizo hili hapa Wete nilipojenga banda langu la kwanza, na kugeuza tu nafasi za viota na miti hakukunitosha.

Mtazame kuku anayeachiwa huru uwani: magharibi utamkuta juu ya mwembe au mfenesi, si chini yake. Hiyo ni tabia aliyozaliwa nayo, maana gizani kuku haoni vizuri na kinga yake ni kuwa juu. Kutaga, kinyume chake, hukufanya mahali pa chini, penye kivuli na faragha. Banda zuri huzitenganisha haja hizi mbili. Sakafu ya kiota ikiwa kiasi cha sentimita 45 kutoka chini, na miti ya kulalia ikiwa sentimita 80 au 90, kuku hatahitaji kufundishwa sana. Kuhusu ngawa, urefu wa kiota haukulindi. Kinachokulinda ni mlango unaofungwa sawasawa usiku na wavu usio na mwanya.

Jambo la pili ni nafasi. Kila kuku anahitaji kiasi cha sentimita 25 za mti, kwa hiyo kuku wako 13 wanahitaji zaidi ya mita tatu kwa jumla. Miti yako ikiwa ni ya mita moja moja, wakubwa huwasukuma wadogo, na wanaosukumwa hukimbilia viotani. Weka miti yote usawa mmoja, kwa sababu mmoja ukiwa juu zaidi, wote wataugombania. Iachanishe kwa sentimita 30 hadi 40, na usiisogeze karibu mno na ukuta. Unene wa sentimita nne au tano unatosha, ili mguu uukamate mti bila kujikunja mno.

Viota vitatu vinawatosha kuku wako, kwa kuwa kimoja hutumiwa na kuku wanne hadi watano. Kila kimoja kiwe na upana, kina na urefu wa sentimita 30 au zaidi kidogo, kiwe na giza, na mbele kiwe na kizingiti cha kuzuia nyasi au maranda yasimwagike. Paa la viota liinamishe sana. Likiwa bapa, watalala juu yake na utarudi ulikotoka.

Sasa nakuomba ufanye jambo moja kabla ya kumwita fundi. Usiku, kuku wakiwa wametulia, chukua tochi na kitambaa cheupe, ukipitishe kitambaa chini ya ile miti ya mvinje na kwenye ncha zake. Ukiona alama nyekundu au vidudu vidogo vinavyotembea, hao ni utitiri. Utitiri mwekundu hujificha mchana katika nyufa na chini ya magome, na usiku hutoka kumnyonya kuku damu. Kuku anayeumwa kila usiku huukimbia mti hata ukiuweka juu vipi. Gome la mvinje lina mipasuko mingi, na mimi mwenyewe nililiacha kwa sababu sikujua. Libambue lote, mwagia maji yanayochemka kwenye viungo vya mbao, na uwawekee kuku majivu makavu mahali pa kuogea vumbi.

Hayo yakishakamilika, funga viota kwa gunia au ubao kila siku kiasi cha saa kumi na moja jioni, kisha uvifungue baada ya sala ya alfajiri. Mayai mengi hutagwa asubuhi, kwa hiyo hutawazuia wengi. Atakayekaidi mnyanyue kwa mikono miwili gizani, umweke juu ya mti, umwache. Gizani hawezi kushuka kutafuta kiota. Fimbo iache kabisa. Kuku aliyetishwa bandani ndiye anayekwenda kutaga migombani.

Bi Makunduchi

Nakubaliana na mzee wetu katika mengi, ila kufunga viota saa kumi na moja kuna hatari yake. Kuku hatagi saa ile ile kila siku. Kutoka yai moja hadi jingine hupita kiasi cha saa 24 hadi 26, hivyo muda wake husogea mbele siku hadi siku. Wengine hufikia kutaga alasiri, na wakikuta pamefungwa hutafuta vichaka. Miti ikiwa juu na utitiri umekwisha, mimi sioni haja ya kufunga.

Dada, huyo koo wako tatizo lake ni jingine. Anayekaa kiotani mchana kutwa, akatutumua manyoya na kudonoa, anataka kuatamia. Ukimwekea mayai yenye mbegu ndani ya pakacha, pembeni na penye utulivu, atatotoa baada ya siku 21. Kama hutaki vifaranga sasa, mweke katika tenga lililoinuliwa, upepo upite chini yake, bila nyasi, lakini awe na maji na chakula. Siku tatu au nne kwa kawaida zinatosha. Usimwache alipo, kwa sababu wenzake wataendelea kumtagia ubavuni na hutajua yai lipi ni la leo.

Mzee wa Wete

Bi Makunduchi amenisahihisha kwa haki. Nilipaswa kusema kwamba kufunga ni kwa wiki moja au mbili tu, mpaka wazoee, na kwamba kabla ya kufunga mtu aangalie kama yuko anayetaga. Jambo jingine, dada: usiyaoshe mayai ya kuuza. Ganda lina utando unaozuia vijidudu kuingia, na ukilikosha utando huo hutoka. Yenye uchafu kidogo yafute kwa kitambaa kikavu, na yaliyochafuka sana yapike nyumbani upesi.

Mama wa Fuoni

Nimerudi baada ya siku 16 kuwapa habari. Kitambaa kilitoka na alama nyekundu usiku wa kwanza, nami nilisikitika kwamba kuku wangu wameteseka muda wote huo huku nikiwafukuza kwa fimbo. Tuliibambua miti, tukaipandisha, na tukaongeza wa tatu kwa kuwa ile miwili ilikuwa mita moja na robo kila mmoja. Viota vitatu vimeshushwa na cha nne kimeondolewa. Nilivifunga kwa siku tisa, kila mara baada ya kuchungulia ndani, na matetea wanane walihamia mitini wenyewe kabla ya usiku wa nne. Waliobaki niliwabeba. Sasa yuko mmoja tu, mwenye rangi ya kanga, ambaye bado ninamnyanyua kila magharibi.

Mmoja wa wale wa migombani amerudi kutaga bandani; mwingine bado. Koo nimemwekea mayai tisa katika pakacha jikoni, na leo ni siku yake ya 12.