Tupeane uzoefu: treni ya Moshi ya enzi zile

Konakali: Wakuu, jana basi letu limesimama Same kupisha treni ya Arusha. Konda anatukana, mimi nimeshuka kuitazama kama mtoto. Mliopanda treni ya Moshi kabla haijafa miaka ya tisini, mwageni stori.

Mzee wa Mombo: Mjerumani alianza Tanga 1893, Korogwe kafika 1902, Moshi 1911. Miaka 18! Kareli kenyewe upana mita moja, lakini ndiko kalikobeba mkonge. Nailoni ilipokuja mkonge ukaanguka, mzigo uliobaki wakachukua malori.

Mama Wawili: Na 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika je? Shirika la pamoja la reli likafa, kila nchi na lake.

Mtoto wa Kurasini: Mie nakumbuka machungwa ya Muheza. Tunatoka Dar kwenda Moshi, tunanunulia dirishani.

Mzee wa Mombo: Muongo. Treni ya Dar inapita ile njia ya Ruvu ya 1963, inatokea Mnyusi, inashika Korogwe. Muheza iko upande wa Tanga. Hata basi halikupitishi huko.

Mtoto wa Kurasini: Kwani machungwa hayasafiri, mzee?

Kahe78: Masika ya 1989 tulikuwa tunampeleka marehemu baba kuzikwa Kibosho. Jeneza liko behewa la mizigo, limefungwa turubai. Kupita Mkomazi, alfajiri, treni ikasimama. Maji yamekula tuta, reli imebaki inaning'inia na mataruma yake kama ngazi. Tumekaa hapo hadi saa nane mchana. Ng'ambo kikaja kiberenge cha mafundi. Kaka yangu akasema baba halali hapa tena. Tukamshusha. Wabebaji sita, wawili hatuwajui hata kwa jina, mmoja ametoka daraja la tatu na chungwa bado mdomoni. Shangazi akakataa jeneza lisiguswe mpaka wavue viatu. Kumbe alikuwa sahihi, mataruma yalikuwa na utelezi wa grisi na tope. Katikati yule wa chungwa akateleza, mguu ukaning'inia, jeneza likainama upande wangu. Nikasikia kitu kimegonga ndani. Mpaka leo mlango ukigongwa usiku nashtuka.

Mama Wawili: Daah. Pole sana mdogo wangu.

Lembeni Kwetu: Nimesoma mara mbili. Kiberenge kilibeba wangapi?

Kahe78: Baba, kaka na shangazi. Sisi wengine tumetembea.

Konakali: Nataka kuwapandisha wanangu likizo hii. Daraja gani?

Lembeni Kwetu: La pili kulala, na blanketi. Upepo wa Same si mchezo.

Mama Wawili: Kulala ufanye nini? Kaa la tatu, ndiko kuna stori. Chakula usibebe, utanunua njiani.

Mzee wa Mombo: Beba. Ikichelewa utakula tiketi.

Mtoto wa Kurasini: Kahe78, samahani mkuu, lile chungwa la yule bwana lilitoka wapi?

Kahe78: Alisema Muheza.

Mzee wa Mombo: Naye muongo.