Farasi na kofia ya Krismasi, nimzoesheje kabla ya picha?

Jike la Kijivu: Wakuu habari zenu, nina farasi jike mpole sana, sasa sikukuu inakaribia na watoto wanataka apigwe picha na kofia nyekundu na zile pembe za kulungu, ila jana nilivyomkaribia na kofia tu akarusha kichwa akarudi nyuma macho yamemtoka. Nimkazanie atazoea au niache? Na vile vitepe vya kumetameta nikimfunga shingoni vina shida?

Mzee wa Zizi: Usimkazanie kabisa mkuu. Farasi macho yako pembeni, anaona karibu pande zote isipokuwa mbele ya paji la uso na nyuma ya mkia, sasa wewe unamletea kitu palepale asipoona, lazima ashtuke. Mwache ainuse kwanza, halafu msugue nayo begani, kisha panda nayo hadi shingoni taratibu, na uitoe AKIWA AMETULIA, maana ukiitoa wakati anavuta atajua kuvuta ndiyo dawa. Fanya dakika chache kila siku. Kofia itobolewe matundu mapana ya masikio, akiyalaza nyuma au mkia ukianza kuchapa, hapo ameshakwambia basi.

Daktari wa Mifugo: Vitepe hapana jamani. Farasi hawezi kutapika, akishameza kimeenda, na kikiziba utumbo ni msokoto wa tumbo ambao unaua. Ukitaka taji la majani angalia lisiwe na mti wa yew, ule wa majani membamba ya kijani na vitunda vyekundu, ni sumu kali, kidogo tu kinatosha kumuua.

Jike la Kijivu: Asanteni sana. Na taa za betri?

Daktari wa Mifugo: Weka kwenye uzio nyuma yake, mbali asifikie kutafuna, kwenye picha zitaonekana vilevile.

Picha na Farasi: Naongezea, usimfunge kwenye nguzo akiwa na mapambo, mtu mzima ashike kamba, akishtuka awe na pa kwenda. Watoto wasimame usawa wa bega, siyo mbele wala nyuma. Zima flashi, piga jioni jua likiwa chini, halafu mwenzako atikise ndoo ya chakula nyuma ya kamera, masikio yanasimama mbele yenyewe na uso unachangamka. Pembe mvalishe mwisho kabisa, piga haraka, vua. Akizikataa mfungie utepe mpana wa kitambaa kwenye hatamu, bado anapendeza sana.