Mume ana FMF, daktari anataka aanze sindano ya kila mwezi. Kolkisini anaacha?

bintipangani: Habarini wapendwa. Tuko Köln, mume wangu Mturuki ana ile homa ya kurithi ya Mediterania, FMF. Ikimpanda inafika 39, tumbo linakaza hata shuka hataki limguse, siku mbili tatu anainuka kama hajaumwa vile. Kolkisini, vidonge vya kuzuia hiyo homa, anameza miaka yote ila wakiongeza dozi anaharisha balaa na homa bado inarudi. Sasa wanataka kumwanzishia sindano ya canakinumab. Kolkisini ndo basi? Na Disemba tunaenda Tanga kwa mama.

baba_wawili: Pole dada. Asiache mpaka daktari mwenyewe aseme! Mimi nachoma hiyo, 150 mg kila wiki 4, na kolkisini nameza vilevile. Sindano inazima interleukini-1 beta, kemikali ya mwili wenyewe, ndo inayowasha homa yote hiyo, lakini anayelinda figo zisijae amiloidi (protini inayorundikana na kuziharibu) kwa ushahidi wa miaka mingi ni kolkisini. Mkojo wapime protini, na CRP, kipimo cha damu cha moto wa ndani ya mwili, waangalie siku ambayo haumwi, hapo ndo utajua moto umezimika kweli au umefunikwa tu.

ummkulthum_maskati: Mwanangu yeye anatumia dawa ya anakinra, nayo inazima interleukini-1, kila siku ya Mungu sindano, na mwanzoni ngozi ilikuwa inavimba nyekundu pale pale ilipoingia mpaka nalia mimi badala yake. Baadae ikatulia. Ya kila mwezi ni raha lakini bei yake sasa, bila bima usiulize.

nesi_mstaafu: Kabla ya kuanza lazima apimwe TB, hiyo isirukwe. Halafu safari: chanjo ya homa ya manjano ni ya virusi hai, akishaanza dawa hiyo haifai, kwa hiyo mwambieni daktari kuhusu Tanga SASA sio Novemba. Na akipata homa akiwa huko apime malaria kwanza, asijilalie tu eti ni ile yangu.

bintipangani: Asanteni jamani, ya chanjo hata haikunijia. Umeme kwa mama unakatikakatika, sindano nitaiweka wapi?

baba_wawili: Inataka friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Mnakaa muda gani? Kama ni chini ya mwezi muombeni daktari achomwe karibu na kuondoka, hamna haja ya kubeba.

bintipangani: Wiki tatu. Basi poa, kesho napiga simu.