Msaada wakuu: SUM inazidisha michango ya wanachama

Kijana_wa_Hazina: Wakuu habarini. Natunza kumbukumbu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa kwenye MySQL, programu ya kutunza data kwa majedwali. Nikipiga SUM (amri ya kujumlisha) ya michango na GROUP BY (kupanga kwa makundi) namba ya mwanachama, hela zinazidi za kwenye daftari. Mkutano kesho kutwa, usingizi sina.

FundiMajedwali: Weka amri yote uliyoandika, mkuu.

Mama_Vikoba: Mimi nilishika hazina miaka 6 kwa kalamu. Mwenzetu mmoja alileta risiti ya 5,000 isiyokuwemo daftarini, nikailipa mfukoni mwangu. Hela za watu zinataka utulivu, mwanangu.

Mzee_wa_Seva: Toleo gani la MySQL? Kuanzia 5.7, kwa mpangilio wa kawaida, safu isiyokuwemo kwenye GROUP BY wala ndani ya SUM na wenzake hukataliwa.

Kijana_wa_Hazina: Toleo la 8, na haikatai kitu. Ila nimeunganisha na jedwali la marejesho pia:
FROM wanachama w JOIN michango m ON m.namba = w.namba JOIN marejesho r ON r.namba = w.namba
Nilitaka ripoti moja tu.

FundiMajedwali: Ungeanza na hilo! Kila mchango unaunganishwa na kila rejesho, kwa hiyo mwenye michango 3 ya 20,000 na marejesho 2 anatoka mistari 6. SUM inasoma 120,000 wakati ana 60,000. Jumlisha kila jedwali kivyake kwanza, ndipo uunganishe kwa LEFT JOIN, asiye na mkopo asipotee.

Kijana_wa_Hazina: Nilishaweka SUM(DISTINCT m.kiasi), haizidi tena. Kwa nini nianze upya?

FundiMajedwali: Kwa sababu DISTINCT inahesabu kiasi kinachofanana mara moja tu. Huyo wa 60,000 sasa umembakishia 20,000.

Pwani_Moja: Hii chai. Daftari analo, mkutano kesho kutwa, na hajalinganisha hata mtu mmoja? Swali la mtihani wa chuo hili.

Kijana_wa_Hazina: Si chai, ndugu yangu. Nilitazama jumla kuu peke yake. Sasa nimefungua namba 14, ni mama yangu mzazi. Kaweka 10,000 kila mwezi, miezi 12. Ripoti niliyochapisha inasema 10,000.

Mama_Vikoba: Umechapisha? Ziko wapi hizo karatasi?

Kijana_wa_Hazina: Katibu anazo tangu asubuhi. Anazigawa jioni hii.

Mama_Vikoba: Mpigie sasa hivi, mwanangu. Amri utaiandika baadaye.

Kijana_wa_Hazina: Inaita.