Shosho hataki kijana wangu aingie jikoni

Mama Kayole: Jamani nisaidieni. Kijana wangu ako na miaka 12, anasonga ugali na kuosha vyombo zamu kwa zamu na dadake, sasa shosho yake amekuja kutoka ushago anasema namharibu eti mwanaume hakai jikoni. Nifanyeje?

Baba Wawili: Usimwachishe! Kwani hoteli za tao nani hupika, si wanaume? Ikilipwa mshahara ni kazi ya mwanaume, bure inakuwa ya msichana.

Mtu wa Umoja: Shosho ongea naye polepole, alilelewa hivyo. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 45 inasema mume na mke wako na haki sawa kwa ndoa, sasa huyo kijana atajifunzia wapi kama si nyumbani?