Plastiki za trak ya rimoti zinavunjika kila siku, niweke aluminiamu gari nzima?

mtoto_wa_tegeta:
Wakuu habari za jioni. Nina trak ya rimoti ya 1/10 (moja ya kumi ya gari halisi), ile shotikozi, mfano wa trak za mbio za kuruka, inayosukuma tairi za nyuma tu, nimeifunga mota ya brashilesi na betri ya lipo seli 2. Shida iko mbele, kila ikiruka ikatua vibaya au ikipiga ukingo wa lami inakatika palepale, ile C inayoshika nako ya tairi (kipande kinachogeuka na tairi ukikata kona) inachanika kwenye tundu la pini, na safari hii imeondoka na wishiboni ya chini kabisa, ule mkono unaounganisha tairi na chasisi. Spea yenyewe ni hela ndogo ila kuagiza mpaka ifike ndo mtihani, gari inakaa juu ya kabati watoto wananiuliza kila siku. Sasa nimeona mtandaoni seti nzima ya aluminiamu, wishiboni zote nne, C, nako, mpaka mnara wa shokapu, rangi ya bluu inang'aa balaa. Nichukue seti yote nimalizane nayo? Au kuna fundi Gerezani anaweza kunichongea?

fundi_nailoni:
Mkuu seti usinunue, utalia. Hizo wishiboni za plastiki ni nailoni na kazi yake ni kupinda halafu zirudi. Ukiweka ya chuma kile kishindo hakipotei, kinasogea mbele tu kutafuta kilicho dhaifu, yaani pale wishiboni inaposhikia kwenye chasisi, na pale napo ni plastiki, tofauti ni kwamba kubadilisha hapo unafungua nusu ya gari. Na ikipinda ya aluminiamu hairudi, unaanza kushangaa gari inavuta upande mmoja kumbe wishiboni imekaa upogo. Alafu uzito, aluminiamu ni zaidi ya mara mbili ya nailoni kwa saizi ileile, na huo uzito unaukalisha kwenye tairi, shokapu zinashindwa kufuata barabara.

Wishiboni chukua za RPM, ni kampuni ya Marekani, nao wanatumia nailoni ila ngumu kweli, wanatengeneza za modeli nyingi hasa Slash na Stampede za Traxxas. Aluminiamu weka kwenye C, nako, kofia za shokapu na heksi za tairi za milimita 12, vile vipande vya pembe sita vinavyoshika rimu. Hivyo ni vidogo, havitakiwi kupinda, na tundu la pini halichaniki. Uliza kabisa ni 6061 au 7075, hizo ni aina za aluminiamu, hiyo 7075 inastahimili karibu mara mbili kabla haijapinda. Muuzaji akikwambia "ni alloy" tu, pita.

kroola_254:
Boss nitatofautiana kidogo na huyo jamaa hapo juu. Mi yangu ni ya kupanda mawe, inatembea polepole kama kinyonga, hakuna kuruka, na huko chuma ndio poa, uzito ukikaa chini kwa ekseli gari haipinduki, watu wanaweka hadi shaba nyeupe makusudi. So usiseme chuma ni mbaya, inategemea gari inafanya nini. Lakini hii yake ya kuruka sawa, nakubali, wishiboni ziwe nailoni.

Maneno ya fundi wa kuchonga: heksi na pini atakutolea kwa lathe bila shida, hata huku Kamukunji wanafanya hizo. C sahau. Ile ina pembe ya kasta, yaani inalaza nako kidogo kwa nyuma, kulia na kushoto zinafaa kulingana, lathe haikupi hiyo. Na usikubali akuyeyushie aluminiamu ya sufuria, inabaki na vitundu vya hewa ndani, itakatika kuliko plastiki.

mswahili_maskati:
Wadau salaam kutoka huku Oman. Kabla hujatoa hela, ndugu, kagua kwa nini ni C inayokatika kila mara. Shika tairi uitikise, kama inacheza basi beringi zimekwisha au pini imepinda, hapo utafunga hata dhahabu na itaharibika. Angalia na mafuta ya shokapu, yakivuja mbele inatua kavukavu.

Jingine, nailoni mpya ikitoka kiwandani huwa kavu na inakatika upesi. Chemsha maji, zitumbukize spea zako kabla hujafunga, ziache kama nusu saa hivi, zikinywa maji zinakuwa laini kidogo na zinavumilia. Wengi wanadharau hii kitu lakini ni ya kweli, na haina gharama. Na ukiendesha ufukweni, aluminiamu na skrubu za chuma zikipata maji ya chumvi zinashikana, siku ya kufungua kichwa cha skrubu kinabaki mkononi. Osha kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, paka mafuta.

mtoto_wa_tegeta:
Aisee nimetikisa, ya kulia inacheza kweli, kushoto imetulia. Basi naanza na beringi, nachukua C na nako za aluminiamu tu, wishiboni nailoni. Kuna kingine nisisahau?

fundi_nailoni:
Servo seva, ile springi inayolinda servo, yaani mota ndogo inayogeuza stelingi. Nako zikiwa za chuma kishindo cha stelingi kinapanda moja kwa moja mpaka huko, kama imekazwa mno au umeifunga kabisa meno ya servo yanaondoka, na servo ni ghali kuliko hivyo vyote. Na skrubu yoyote inayoingia chuma kwa chuma weka gundi ya nati, tone moja, la sivyo itajifungua kwa mtikisiko. Kwenye plastiki usiweke, inaila.

mtoto_wa_tegeta:
Gundi ipi, duka la spea hapa wana ya bluu na nyekundu

kroola_254:
Bluu. Nyekundu wacha, skrubu ndogo kama hizo utakuja kuzitoa na moto.